Shajara ya mradi: Rutamba na Rondo, wikendi ya Nyerere

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Tumeanza. Mwaka huu tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, inaangukia Jumatatu. Kwa watumishi wa Lindi hizo ni siku tatu za mapumziko, na siku tatu zina tabu yake: ni nyingi mno kukaa bure, ni chache mno kwa wenzetu wa Mwanza, Mbeya na Bukoba kwenda kwao na kurudi. Basi la Dar peke yake linakula siku. Kwa hiyo wanabaki mjini, wanakula pweza ufukweni, na Jumanne wanaingia kazini wakilalamika kwamba Lindi haina pa kwenda.

Mimi ni mtu wa hapa, baba Mmwera, mama Mmakonde, na lalamiko hilo limenichosha masikio. Kazi tuliyojipa ni kutengeneza karatasi ya safari, kurasa mbili basi, itakayomwongoza mtu yeyote mwenye hela ya kawaida kwenda Ziwa Rutamba na kupanda Rondo. Ziwa bondeni, mlima juu yake, vyote ndani ya Mkoa wa Lindi. Wikendi ya Nyerere ni jaribio. Karatasi ikitushinda sisi wenyewe, hatumpi mtu.

Kamati ni mimi (nafundisha jiografia), muuguzi mmoja kutoka Mbeya, mhasibu kutoka Mwanza, na fundi umeme wa hapa mjini ambaye ana mjomba Rutamba. Huyo mjomba ndiye mtaji wetu mkubwa mpaka sasa.

Orodha iliyotoka kikaoni: Rutamba, msitu wa Litipo, Rondo, Tendaguru, Kilwa Kisiwani, kurudi Lindi Jumatatu jioni. Nimeiandika kama ilivyosemwa. Itapungua.

Jumamosi, 31 Agosti

Kilwa imetoka. Hakukuwa na ubishi. Kila mmoja anakumbuka Mei, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika maji kule Somanga, magari yakalala foleni. Barabara inapitika sasa, ila Kilwa ni mji wa kupewa wikendi yake, si wa kuchomekwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo kikao kizima kimeliwa na mjusi.

Ukitaja Lindi na safari kwa Mtanzania yeyote, swali la kwanza ni hilo: mjusi je, yule dinosaria aliyepelekwa Ujerumani? Hata bungeni limeulizwa mara nyingi. Mhasibu alikuwa amejiandaa kabisa, ana picha kwenye simu: mifupa iliyosimama ndani ya jumba la makumbusho ya Berlin, kimo mita 13.27. Akauliza tutaikuta wapi Tendaguru.

Hatutaikuta. Nikaeleza ninavyowaeleza wanafunzi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alitoa taarifa za mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi kule Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji huu. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ukachimba, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Waliochimba hasa walikuwa watu wa huku, mamia kwa msimu, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao wakaja kuchimba, kuanzia 1924. Ndiyo maana jumba liko Berlin na huku kuna kilima chenye vichaka.

"Kwa hiyo mwalimu, unatupeleka tukaangalie shimo?" Mhasibu.

Tena shimo lenyewe limeshafukiwa na majani. Mtu aliyesoma jiolojia atatetemeka akifika pale, mimi mwenyewe nilitetemeka. Ila mtu wa mapumziko, aliyeamka saa kumi na moja na kula vumbi njia nzima, atanilaumu mpaka nistaafu. Tendaguru imetoka kwenye ratiba, imeingia kwenye karatasi kama aya moja ya kusomwa garini.

Yamebaki Rutamba, Litipo na Rondo. Muuguzi anasema bado ni mengi. Tutaona.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumekwenda Rutamba kupima njia, mimi na fundi, kwa pikipiki. Lami inaachwa Ngongo, karibu na viwanja vya Nane Nane, halafu ni vumbi. Ni kama kilomita 40 kutoka mjini. Mikorosho imeanza kushusha mabibo, na mbaazi zimeanikwa kwenye maturubai kila uwanja.

Mjomba alitupokea chini ya mwembe. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, za mjini, za watoto na za mvua, ndipo akauliza shida yetu. Nikatoa ratiba. Nilikuwa nimeandika kuwasili ziwani saa sita mchana, mtumbwi saa saba, chakula saa nane, kupiga picha saa tisa.

Akaisoma yote kwa utulivu, akanirudishia.

"Mwanangu, saa saba hapa nani atakuendesha mtumbwi? Sisi nyavu tunategua alfajiri. Saa nne samaki ameshauzwa. Saa saba tumelala. Mkija saa hiyo mtakuta ziwa na nyie."

Ratiba yangu yote ilikuwa ya mgeni: mgeni ataamka saa ngapi, ataona njaa saa ngapi, mwanga mzuri wa picha uko saa ngapi. Tukakaa na mzee tukaipanga upya kwa siku ya mwenyeji. Mgeni afike mchana, apumzike kivulini kama wanavyopumzika wao. Saa kumi jioni wavuvi wanapokwenda kutega, ndipo aingie mtumbwini pamoja nao. Alfajiri, kama ana moyo, aende tena kuangalia wanavyotegua. Mitumbwi ni ya gogo, haibebi wageni zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, na malipo yanakwenda kwa mwenye mtumbwi mkononi, hayapitii kwa mtu wa kati, hata kama mtu huyo wa kati ni mjomba. Hilo la mwisho alilisema yeye mwenyewe.

Chakula: mama mmoja jirani atapika. Ametuahidi ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Perege hakutuahidi. "Samaki siwezi kumsemea," alisema, "ila mbaazi nazijua zilipo."

Kuogelea: hakuna. Nilidhani nitabishana na watu hapa, lakini muuguzi alishapitisha azimio tangu tuko mjini. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono, ukanda huu, ni maji ya kuogopa kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwa konokono, vinakua humo, kisha vinatoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, saa zile zile ambazo mgeni ana hamu ya kujitosa. Havihitaji kidonda, vinapenya ngozi nzima. Baadaye mtu anakojoa damu na hakumbuki hata lile ziwa. Dawa ipo, prazikwanteli, ila kwa nini mtu alipie gesti ili apate ugonjwa? Mjomba aliposikia hivyo akaongeza la kwake: "Na mamba je, yeye hana dawa." Akacheka peke yake.

Ofisi ya kijiji tulimkuta mtendaji. Akatupa jambo ambalo hatukuliwaza: kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba ni uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa. Wikendi yetu imo humo humo. Barua ya kuomba kuingia kijijini ije Septemba hii hii, siku yenyewe hatakuwa na muda wa kusoma barua za watalii. Tumeiandikia pale pale, kwenye karatasi ya daftari la fundi, akaigonga muhuri.

Jumatano, 25 Septemba

Litipo na Rondo ni hifadhi za misitu, chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Rondo ina hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Huingii kwa kuwa unajuana na mtu. Kibali kinaombwa mapema, kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na unapewa mtu wa kuongozana naye. Nimeomba vyote viwili. Nimekumbushwa kwa upole kwamba hakuna kukata fito, kuokota kuni wala kuwasha moto ndani. Mhasibu amesikitika, alikuwa na mpango wa nyama choma.

Jumamosi, 5 Oktoba

Bajeti. Mchango ni shilingi 45,000 kwa kichwa, gari, vibali, chakula na malazi ndani. Waliolipa wanatosha kujaza Coaster moja. Waliosema "niandike tu, nitalipa" wangejaza treni, na reli ya kusini ya enzi za karanga za Nachingwea iling'olewa zamani.

Kulikuwa na hoja ya kulala Rondo usiku wa pili ili Jumatatu tushuke taratibu. Mimi nilikuwa upande wa kulala. Muuguzi akapinga: watu wanaingia kazini Jumanne, wengine zamu ya alfajiri, na wikendi ambayo mtu anarudi akiwa amechoka kuliko alivyoondoka si mapumziko, ni semina. Kura zikaenda kwake. Jumamosi Rutamba, kulala huko, Jumapili Rondo, usiku huo huo nyumbani. Jumatatu kila mtu na mguu wake juu ya kiti.

Kwa hiyo karatasi imebaki na sehemu mbili na jioni moja ya msitu katikati. Ilianza na sehemu tano.

Ijumaa, 11 Oktoba

Vibali vimetoka. Maji ya kunywa katoni za kutosha. Tochi zimefungwa kitambaa chekundu, nitaeleza kesho kwa nini. Mwenye Coaster anaapa gari halina tatizo.

Jumamosi, 12 Oktoba, usiku, Rutamba

Naandika kwa mwanga wa simu, mahema yameshanyamaza isipokuwa moja lenye mkoromo wa mtu ninayemfahamu vizuri.

Kijijini tulikuta foleni ya kujiandikisha chini ya turubai, mtendaji akatuona kwa mbali, akanyoosha kidole kwenye kitabu cha wageni, akaendelea na kazi. Barua ya Septemba imetulipa.

Mchana wote tulilala chini ya mikorosho kama tulivyoagizwa. Wapo walionung'unika. Saa kumi tukateremka ziwani.

Ziwa lenyewe: si kubwa, unaona ng'ambo bila shida. Matete pembeni, yungiyungi katikati ya matete, na upande wa mbali msitu wa Litipo unashuka karibu na maji. Katika miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alipiga kambi huku akikusanya mimea, na aina kadhaa zilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na matawi aliyoyakausha hapa. Lebo zake zinasema Lutamba, mita 240. Nikalisema hilo kwa sauti ya darasani, na mhasibu akawa anaangalia maji kwa jicho la mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria.

"Mwalimu, usinichukie. Hili kwetu tungeliita bwawa."

Mjomba alikuwa anasukuma mtumbwi, hakugeuka. "Lenu kubwa, mwanangu, halina ubishi. Ila ng'ambo yake unamjua nani? Mimi hapa ng'ambo najua hadi nani kagombana na mkewe jana."

Mhasibu alikuwa wa kwanza kupanda mtumbwi. Amerudi akiwa amelowa kiunoni, hakuogelea, ni maji ya mtumbwi wenyewe. Mzee anayachota kwa kopo la mafuta ya kula lililokatwa, anapiga kafi mara tatu, anachota mara moja, bila kukatiza hadithi.

Perege walipatikana. Nilikaa karibu na mama akiwaandaa. Anawapara kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanamrukia hadi kwenye kilemba, anawapasua tumbo kwa pigo moja, anachanja mistari mitatu kila ubavu, anasugua chumvi na ndimu mpaka ndani ya mistari. Kisha anawaacha. Nikauliza anasubiri nini. "Wakauke, baba. Samaki mbichi kwenye mafuta ni vita." Mbaazi zilikuwa na tui zito, na pembeni akatuwekea ming'oko, yaani viazi vya porini, ya kuchemsha na pilipili ya kusaga. Mwenzetu wa Bukoba hakuwahi kuiona tangu ahamie. Akamenya mmoja, akala, akavuta sahani yote upande wake.

Usiku, Litipo. Tuliingia na mhifadhi na kijana wa kamati ya misitu ya kijiji. Tochi nyekundu ni kwa sababu ya komba: mwanga mweupe unawaumiza macho na kuwafukuza, mwekundu wanauvumilia. Tulichokuwa tunakitafuta ni komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, gramu 60 hivi, yaani robo ya robo kilo, na mkia wenye manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, Litipo na Rondo vikiwemo, na ameshaingizwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Anakula wadudu, na karibu na ardhi, kwa hiyo ukifyeka vichaka ukaacha miti mikubwa, umemfukuza vile vile.

Mwezi ulikuwa umevuka nusu, msitu una madoa ya mwanga. Tukasimama. Baada ya muda mrefu kuliko subira ya watu wengi, macho mawili yakawaka juu kushoto, yakazimika, yakawaka mti wa pili. Minong'ono ya furaha. Yule kijana akatikisa kichwa: huyo ni komba mwingine, mkubwa zaidi, mkia wake mwembamba. Mdogo yuko chini, msikilizeni. Na kweli ikaja sauti kutoka vichakani, milio miwili miwili yenye kukunjana, ikarudiwa, ikahama. Hatukumwona. Kijana akasema yeye mwenyewe humsikia mara nyingi kuliko anavyomwona, na akaiga ile sauti vizuri hadi tukapata jibu.

Kwenye karatasi nitaandika: utamsikia. Sitaandika utamwona.

Jumapili, 13 Oktoba, usiku, nyumbani

Tulirudi barabara kuu, tukapita Mnazi Mmoja, tukafuata njia ya Masasi. Mtama tukapata pancha. Si kitu, pancha ni ya kila mtu. Ila tairi la akiba lililotolewa chini ya Coaster lilikuwa halina upepo na lina uwazi ambao ungeweza kupitisha kidole. Mwenye gari simu ikawa haipatikani. Fundi pancha wa pale, Mungu ambariki, alifanya kazi ya tairi mbili kwa bei ya moja na maneno mengi juu ya wenye magari. Tumepoteza saa nzima na zaidi, na kwa sababu hiyo hatukupita seminari ya Waanglikana kule juu kama tulivyopanga.

Kupanda Rondo ni jambo la kukaa dirishani. Chini ni joto la Lindi tunalolijua, mikorosho na mihogo. Barabara nyekundu inaanza kujikunja, dereva anashusha gia, na ghafla mtu wa nyuma anafunga kioo. Juu ni karibu mita 900. Si Rungwe, na muuguzi hakuacha kutukumbusha kwamba kwao hiki ni kituta cha viazi. Lakini tukiwa juu alikuwa wa kwanza kuvaa kitenge mabegani. Upepo wa bahari unapopandishwa na ukingo huu hupoa na kutoa ukungu na mvua zaidi kuliko tambarare, na udongo wa kichanga unayanywa maji hayo na kuyatoa chini kwenye chemchemi. Ndiyo maana juu kuna msitu wa kijani na vijiji vingi vimekaa miguuni.

Mvule ndio uliofanya Rondo ijulikane. Enzi za Waingereza ulivunwa sana, mbao zikashuka hadi pwani na kupanda meli. Mhifadhi alitusimamisha chini ya mmoja mkubwa uliobaki. Shina limenyooka bila tawi hadi shingo inauma, gome la kijivu, ukilikwaruza kidogo linatoa utomvu mweupe. Nikauliza swali ambalo nimekuwa nalo siku nyingi: kwa nini hatuoni shamba la mivule, wakati upande wa pili kuna shamba la miti limepandwa kwa mistari? Akatuonyesha mche mdogo kando ya njia. Majani ya juu yalikuwa na uvimbe wa mviringo, kama vidonge. Kuna mdudu mdogo, akasema, anataga juu ya jani changa, jani linavimba na kumfunika mtoto wake ndani, kisha uvimbe unapasuka na kuoza, ncha ya mche inakufa. Miche ikiwa mingi pamoja, mdudu anaimaliza. Msituni, ambako mche mmoja uko hapa na mwingine mbali, baadhi wanaponyoka. Tena mivule ina dume na jike, na popo ndio wanaotawanya mbegu. Ukikata miti jike yote kwa sababu imenyooka vizuri, umebaki na madume yanayotoa vumbi la maua bure.

Hapo nilitamani wanafunzi wangu wangekuwepo. Ni somo zima, limesimama kando ya njia.

Ndege pia. Zuwakulu wa kijani anaita kwa sauti moja ya kugonga, anairudia hadi unaacha kuisikia. Huyu wa Rondo ndugu zake wa karibu kabisa wako msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, na katikati hapo hawapo. Mhasibu akasema hata yeye ana ndugu wa aina hiyo.

Ukingoni tulisimama kuangalia bonde la Lukuledi. Mto unakwenda kumwaga kwenye ghuba ya Lindi, na ng'ambo yake ule mstari wa bluu ni uwanda wa Makonde. Chini ni Nyangao, na jirani yake Mahiwa. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza, wakiwemo askari kutoka Nigeria, yalipigana huko na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na ni moja ya mapigano yaliyoua watu wengi kuliko yote katika Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika. Wiki hii hii, miaka 107 iliyopita. Hesabu za vitabu ni za askari. Wapagazi waliobeba risasi na unga, babu zetu wa bonde hili na mabonde mengine, hawana mstari wao. Niliyasema hayo kwa kifupi, watu walikuwa wanataka kupiga picha, na ukingo ulikuwa mzuri kweli kweli.

Wawili waliomba tupite Chiponda, alikozikwa Bernard Membe mwaka jana, waliwahi kumsikiliza akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Muda ukatunyima. Tukashuka jua likiwa bado lipo, kwa sababu muuguzi aliweka sharti hilo tangu mwanzo na leo hakuna aliyembishia, baada ya kuliona lile tairi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mguu juu ya kiti. Kilele cha Mwenge kiko Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Mhasibu anatutumia picha za televisheni yake kila baada ya dakika tano.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kikao cha hesabu. Kila risiti ipo isipokuwa ya pancha. Imebaki hela kidogo, kuna waliotaka soda, mwisho imekubaliwa iende kwa mjomba anunue ndoo na kamba ya mtumbwi, kwa jina la wote.

Mabadiliko ya karatasi yamekuwa mengi kuliko nilivyotegemea. Tulipata malalamiko mawili ya maana. La kwanza: mchana wa Jumamosi mtu asiyependa kulala hana la kufanya. Fundi amependekeza mama wa mbaazi afundishe kuchimba na kupika ming'oko kwa malipo, amekubali, ila si kila msimu. La pili limetoka kwa wenyeji, kupitia kwa mjomba: wageni wetu walipiga picha watoto bila kuuliza mzazi. Hilo limewekwa mstari wa kwanza ukurasa wa kwanza, kabla hata ya njia.

Pia tumeandika: kagua tairi la akiba mwenyewe kwa mkono wako kabla hujalipa nauli ya gari.

Muuguzi aliandika sehemu ya kichocho, sentensi nne, sikugusa hata nukta.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kurasa ni mbili, herufi zimepungua ukubwa lakini zinasomeka. Namba ya simu ya mjomba haimo. Anayetaka kwenda aanzie ofisi ya kijiji kwa barua, wiki mbili kabla. Nakala chache zimekwenda hospitali, shuleni kwetu na ofisi ya mhasibu.

Kundi la kwanza lisilo letu limeshajitokeza. Wanataka tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, nayo inaangukia Jumatatu. Nimempigia mjomba. Desemba, anasema, mvua zikianza kila mtu yuko shambani tangu alfajiri, mtumbwi wataupata jioni tu na wapishi watakuwa wachache, kwa hiyo waje na unga wao. Nimempigia na mhifadhi: ikinyesha, Coaster haipandi Rondo, waishie Mtama au watafute gari la kupanda. Nimewaambia yote mawili. Wamesema watakwenda hivyo hivyo, na wameomba tuwaongezee mstari kuhusu buti za mvua.